Bailojia ya kidato cha sita: nilichojifunza baada ya kupata D ya moku

Mwezi wa pili mwaka ule matokeo ya moku ya mkoa, yani mtihani wa majaribio, yalibandikwa nje ya ofisi ya taaluma, nikatafuta jina langu kuanzia juu kama nilivyozoea, nikashuka, nikashuka tena, mpaka nikalikuta chini ya nusu ya karatasi. Bailojia D. Mi nilikuwa PCB, yani fizikia, kemia na bailojia, shule ya bweni ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini, na bailojia ndo somo nililokuwa nategemea linibebe manake fizikia nilishajua ikinipa C nishukuru Mungu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba bweni zima lilikuwa linajua navyopiga msuli. Saa tisa usiku niko macho, tochi chini ya blanketi, baridi ya huku mnaijua, na kaunta buku zangu za kwaya nne zilikuwa zimeandikwa kwa peni za rangi nne, vichwa vya habari vyekundu, maana za maneno bluu, homoni zote kijani. Watu walikuwa wanaziazima kudesa. Walioziazima wawili walipata B.

Nilienda kwa madam wa bailojia nikiwa nimeshalia vya kutosha.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo."

Akatoa skripti yangu kwenye bahasha. Kulikuwa na swali linauliza kwanini mtu akinywa pombe anakojoa sana kuliko kawaida, na mimi pale nilijaza ukurasa mzima na nusu, nikachora nefroni, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo, nzuri kabisa na nikataja kila sehemu yake. Alama 3 kati ya 10. Madam akaniambia nisome nilichoandika kwa sauti, nikasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Hapo pombe iko wapi?" Nikaangalia tena. Neno pombe lilikuwa mstari wa kwanza tu, nililikopi kutoka kwenye swali.

Akasema, "Hakuna kosa hata moja hapa, yote uliyoandika ni kweli. Ila swali hukulijibu." Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka, akachukua kaunta buku yangu akaifunga, akaikalia kabisa, akanisogezea karatasi nyeupe. "Niandikie tone la maji linavyotoka kwenye damu mpaka linakuwa mkojo. Usiharakishe."

Niliandika mistari minne nikakwama.

Yani ile topiki nilikuwa nimeisoma si chini ya mara kumi. Nikiulizwa ile homoni ya ADH nilikuwa naiona kabisa iko ukurasa wa kushoto, kwa chini, kwa peni ya kijani, pembeni kuna doa la mafuta ya kibatari, lakini inafanya nini, inatoka wapi, ikipungua kinatokea nini, hapo kichwa kilikuwa kitupu. Kumbe kwa miezi yote ile macho yangu yalikuwa yamezoea kurasa, basi. Nikifungua daftari naona kila kitu ni rafiki yangu, najisikia najua, nageuza ukurasa mwingine. Mtihani haukuonyeshi ukurasa, unakupa karatasi nyeupe kama ile aliyonisogezea madam.

Nawaambia hili wadogo zangu mnaosoma advansi sasahivi kwasababu naona bado mnafanya yale yale, mnapanga madesa, mnapaka rangi, mnasoma kwa kurudia rudia mpaka usingizi unawachukua, na ilikuwa imebaki miezi mitatu tu mimi kugundua, pepa ni mwezi wa tano.

Kuanzia siku ile nikaacha kusoma kwa kurudia. Nilichokuwa nafanya ni nasoma kipande kidogo, kurasa mbili tatu, mara moja, kwa utulivu, halafu nafunga daftari naliweka chini ya kiti na naandika kila ninachokumbuka kwenye karatasi chakavu, nyuma ya mitihani ya zamani, popote. Nikikwama nakaa nalo kidogo, sikimbilii kufungua. Nikishindwa kabisa nafungua, naangalia palepale nilipokwama tu, nafunga tena. Kesho yake asubuhi kabla ya paredi narudia bila kufungua chochote, na wiki inayofuata tena. Inachosha kweli. Mara ya kwanza unaandika theluthi ya mambo na unaona kama umerudi nyuma, unatamani daftari lako la rangi, lakini usirudi huko.

Figo ndo topiki ya kwanza kuifanya hivyo na nilianza na ile hesabu yake, kwamba figo zinachuja kama lita 180 kwa siku lakini mtu anakojoa lita moja na nusu hivi. Nilivyoiandika kwenye karatasi nyeupe bila daftari ikanibidi nijiulize sasa zile 178 zimeenda wapi. Hilo swali moja likanivuta nefroni nzima: sehemu kubwa inarudi kwenye damu pale mrija wa mwanzo uliojikunja, kitanzi cha Henle kinatengeneza chumvi nyingi ndani ya medula, sehemu ya ndani ya figo, na mrija wa kukusanyia unapita katikati ya ile chumvi, kwahiyo kama ADH ipo kuta zake zinapitisha maji na yanavutwa kurudi, kama haipo maji yanapita moja kwa moja kwenda kibofu. Pombe inazuia pituitari, tezi ya chini ya ubongo, kutoa ADH. Basi. Mistari mitano, kila mstari unazaa unaofuata, na kila mmoja una alama yake. Nilikuwa na vitu vyote hivi kwenye kaunta buku, ila vilikuwa vimelala kila kimoja kivyake.

Kitu cha pili kilinisaidia pengine kuliko hicho cha kwanza na hapa nitakaa kidogo kwasababu sioni watu wakikisema. Sisi tunasoma bailojia kwa Kiingereza, tunafikiri kwa Kiswahili, na katikati hapo kuna shimo ambalo alama zinadondokea. Nilikuwa nadiskasi na mwenzangu mmoja wa Kigoma, usiku baada ya prepo, kwenye darasa la mwisho ambalo taa yake ilikuwa inawaka. Tulikubaliana kwamba mmoja anashika chaki anafundisha kwa Kiswahili tupu, Kiswahili cha nyumbani, kama anamwelezea bibi yake, na mwingine anauliza kwanini, kwanini, mpaka anayefundisha aishiwe. Usiruhusiwe kutumia neno la kitaalamu bila kulieleza. Yule binti alikuwa hana huruma. Namwambia "mwili unadumisha homeostasisi", ananiambia hiyo ndo nini, bibi hajaelewa. Namwambia ni mwili kuhakikisha mambo ya ndani yanabaki pale pale hata kama nje kumebadilika, anauliza mambo gani, joto, sukari, maji, na mwili unajuaje kwamba yamebadilika? Hapo ndo unajikuta unalazimika kuongelea vipokezi, ubongo, homoni, na ile hali ya kitu kikizidi kinajizuia chenyewe. Ukiweza kulieleza kwa Kiswahili umelielewa, na ukishindwa, ule Kiingereza ulionao ni wimbo tu wa kukariri.

Lakini ukiishia hapo unafeli pia, manake msahihishaji hasahihishi Kiswahili. Ndo maana tukimaliza, yule yule aliyefundisha anakaa anaandika jibu lile kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, na mwenzake anasahihisha neno kwa neno. Pale ndo niligundua napoteza wapi. Kwa Kiswahili unaweza kusema seli imevimba na kila mtu akakuelewa, kwenye pepa lipo neno lake maalumu, turgid, la seli iliyojaa maji mpaka ikausukuma ukuta wake, na usipoliweka umeandika kama mtu aliyepita tu njiani. Tukaanzisha kidaftari kidogo cha maneno yanayofanana. Glukosi, glaikojeni na glukagoni, hayo matatu yametuumiza wengi, moja ni sukari yenyewe, moja ni sukari iliyotunzwa kwenye ini na misuli, na la tatu ni homoni inayoamuru ile iliyotunzwa ivunjwe, sasa ukikosea herufi mbili umesema homoni inatunzwa kwenye ini. Thaimini ya DNA na thaiamini ambayo ni vitamini B1. Yureta inatoa mkojo kwenye figo, yurethra inautoa kwenye kibofu kwenda nje. Mitosisi na meiosisi, namna mbili za seli kugawanyika, hapo mtu akiandika kwa haraka msahihishaji hajui umemaanisha ipi na hana kazi ya kukubashiria. Kile kidaftari kilifika maneno kama sitini na kitu na nilikuwa nakibeba mpaka kwenye foleni ya ugali.

Na maswali ya kutofautisha jamani. Mimi kwenye mishipa ya damu nilikuwa naandika ateri ina ukuta mnene, veini ina valvu. Vyote kweli, alama hamna, kwasababu unalinganisha ukuta na valvu. Ukitaja ukuta wa ateri mnene lazima useme ukuta wa veini mwembamba, ukitaja valvu za veini lazima useme ateri haina, isipokuwa pale inapoanzia kwenye moyo. Kitu kile kile pande zote mbili. Hili nilijifunza kwenye zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA, baraza la mitihani, wanaziweka kwenye tovuti yao, humo kuna majibu halisi ya wanafunzi, picha za mwandiko wao, jibu zuri na jibu baya, na maelezo kwanini huyu kapata na huyu kakosa. Sisi simu zilikuwa haziruhusiwi, madam alituprintia za miaka mitatu kwa hela yake. Kama una namna ya kuzipata zisome kabla ya pasti pepa yoyote, yani ni kama umekaa pembeni ya msahihishaji unamchungulia.

Pasti pepa zenyewe sina mengi. Fanya kwa saa. Wakati wetu pepa ya pili ilikuwa masaa matatu, unajibu maswali matano kila moja alama 20, ambayo ni dakika 36 kwa swali, na mtu ambaye hajawahi kujipima kwa saa anatumia dakika 60 kwenye swali analolipenda halafu la mwisho anaandika pointi pointi huku karatasi zinakusanywa. Nilikuwa mmoja wao kwenye moku.

Jenetiki nayo usiikwepe kwasababu ina hesabu. Nilikuwa naikwepa na nilipoteza. Chukua hii kanuni ya Hardy na Weinberg, ambapo q ni kiasi cha jini iliyojificha kwa watu wote na p ni kiasi cha ile ya kawaida, wanakuambia ugonjwa fulani unaorithiwa kwa jini iliyojificha unampata mtu mmoja kati ya 10,000, tafuta wangapi wanaubeba bila kuumwa. Karibu darasa zima tuliandika q ni 0.0001. Sio. Mgonjwa ana nakala mbili, kwahiyo ile 0.0001 ni q mara q, tafuta kipeuo chake, q ni 0.01, p ni 0.99, wabebaji ni 2pq ambayo ni 0.0198, yani watu 198 katika wale 10,000. Mgonjwa mmoja, wabebaji karibu mia mbili! Nilivyoipata hiyo namba nilikaa kimya kwanza. Nyumbani kwetu kuna mtoto wa mamangu mdogo ana selimundu na siku zote tulikuwa tunaambiana kwenye ukoo wetu hakuna huo ugonjwa umetoka wapi, na jibu lilikuwa pale kwenye karatasi yangu, kwamba kwa kawaida wabebaji ni wengi kuliko wagonjwa, wanaishi vizuri, wanazaa, hawajui. Toka siku ile jenetiki sikuikwepa tena.

Sasa pepa ya vitendo, ambayo watu wanaisubiri mwishoni kabisa, shule zikiwa na kemikali chache ndo mnagusa vifaa wiki mbili kabla. Kwetu maabara ilikuwepo ila vitu vilikuwa vya kugawana, na vyura tulikuwa tunawatafuta wenyewe mvua za mwezi wa tatu, usiku, na tochi na ndoo, nyuma ya jiko kwenye mtaro. Mara ya kwanza kupasua chura niliharibu. Nilimlaza chali kwenye trei, nikampigilia pini miguu yote minne, nikafungua ngozi vizuri kabisa, nikaona ule msuli mwembamba wa tumbo, na katikati yake unapita mstari mweusi mweusi kutoka chini kwenda kifuani. Nikapitisha mkasi palepale katikati kwasababu ndo palionekana panapafaa. Kumbe ule mstari ni mshipa wa damu. Damu ikajaa, ikaganda ganda, kila kitu kikawa rangi moja, ini silioni, tumbo silioni, nikawa nafuta na pamba na kila nikifuta navuruga zaidi.

Madam hakunigombeza. Alichukua chura mwingine akasimama pembeni yangu akasema shika mkono wangu. Akabana ule msuli na koleo akaunyanyua juu kidogo, akatoboa pembeni ya ule mstari, sio juu yake, na mkasi akaulaza kabisa, ncha inaangalia juu kama inataka kutoka nje, "usiichome ndani, huko ndani ndo kuna unachotafuta". Akakata upande huu, akahamia upande wa pili, ule mshipa ukabaki mzima katikati na kitambaa chake. Halafu akamimina maji taratibu mpaka chura akafunikwa, na hapo nikaona kitu ambacho picha ya kitabu haikuwahi kunionyesha, mapafu yakaelea juu, utumbo ukajiachia wenyewe, na kwasababu alikuwa jike mayai yakafunguka mafungu kwa mafungu, meusi na meupe, yamejaa kila kona mpaka ukashangaa huyu kiumbe alikuwa anapumulia wapi. Maji ndo yanayokutenganishia viungo, vidole vyako vinaharibu. Nilipasua vyura wanne baada ya yule, na mende sijui wangapi.

Kwenye vipimo vya chakula yapo mambo mawili yanayowaangusha watu. Kwenye kupima protini ile kopa salfeti weka tone kwa tone huku unatikisa, ukimimina tu bluu yake inafunika zambarau na unaandika protini hamna wakati ipo. Na ile sukari ambayo mpaka uchemshe na asidi kwanza ndo ionekane, baada ya kuchemsha poza, weka sodiamu haidroksaidi kuua asidi, ndo uweke Benedict, ile dawa ya kuonyesha sukari. Wengi wanaruka hapo. Halafu safu ya ulichokiona andika ulichokiona, rangi ilikuwa bluu ikawa kijani ikawa njano mpaka nyekundu ya tofali, neno sukari linakaa safu ya hitimisho, ukiliandika kwenye ulichokiona umepoteza.

Siku ya pepa ya vitendo mikono ilikuwa ya baridi mpaka nilikuwa naipulizia. Tulikuta chura. Nilinyanyua ule msuli, nikauona ule mstari, nikatoboa pembeni yake.

Nilipata B. Kemia C, fizikia C, division one ya pointi nane. Nilitaka udaktari, waliochukua nafasi walikuwa na pointi nzuri zaidi yangu, iliniuma na sitasema haikuniuma. Sasahivi nipo mwaka wa tatu nasoma maabara za tiba, na kuna wiki naangalia damu ya selimundu kwenye hadubini siku nzima.

Mdogo wangu yuko kidato cha sita mwaka huu, PCB vilevile. Kila Jumapili anaazima simu ya matroni ananipigia, salio langu, na hatusalimiani sana, namwambia tu funga daftari uanze. Juzi ilikuwa figo. Alianza vizuri kwa Kiswahili, damu inaingia, inachujwa, glukosi yote inarudi, akafika kwenye kitanzi cha Henle akanyamaza. Nikamsikia anapumua. Nikasikia karatasi inageuzwa nikamwambia hapana, usifungue, nipo, chukua muda wako.